Wikiendi Bujora: Mwongozo kwa Msafiri wa Nkoma

Ukiwa Nkoma na ukatamani kuona kanisa la kale lenye minara iliyochongoka, matao ya ncha na madirisha marefu ya vioo vya rangi, huendi na kurudi kwa siku mbili. Itakubidi uende Dar es Salaam, kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu mbele ya bandari, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Au uvuke bahari hadi Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa la Anglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, pale pale palipokuwa soko la watumwa. Yote mawili ni ya mtindo ule Wazungu wanaouita wa Kigothi, ingawa la Unguja limechanganya na mikono ya Kiarabu. Ni safari za likizo hizo, na za mtu aliyeuza pamba vizuri.

Watu wa miji ya kusini mwa India wamebahatika. Mtu wa Bangalore anaweza kutoka Jumamosi alfajiri akaenda Shettihalli kuona gofu la kanisa la Kigothi lililojengwa na wamisionari wa Kifaransa karne ya 19. Bwawa la Hemavathi likijaa wakati wa mvua, maji hulimeza nusu, kiangazi hulirudisha. Anapiga picha, anakula njiani, jioni ya Jumapili yuko kwake.

Sisi wa Simiyu tuna Bujora, kituo chenye kanisa na makumbusho ya Wasukuma. Kanisa lake halina tao la ncha hata moja. Ni la mviringo, limefuata nyumba ya Kisukuma, na ndiyo sababu ninakushauri uanze na hilo kabla hujaota ya Dar es Salaam. Kwenye kanisa la Kigothi wewe na mimi ni wageni: tunaangalia juu, tunasifu, tunatoka. Bujora umeandikiwa kwa lugha ya nyumbani, na kama umelelewa Nkoma unaisoma kuliko mtalii aliyetoka ng'ambo na kitabu mkononi. Sharti lake ni moja, ujiandae kabla ya kupanda gari.

Kujiandaa kwenyewe hakuhitaji intaneti. Siku chache kabla ya safari kaa na mzee yeyote wa ukoo wako, babu, bibi au shangazi, umuulize mambo matatu. La kwanza: utemi wetu ulikuwa upi? Kabla ya kuwa na Wilaya ya Itilima, na kabla Mkoa wa Simiyu haujakatwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, nchi hii ilihesabiwa kwa watemi: Itilima, Ntuzu, Kanadi, Dutwa na wengine. Mzee wa miaka themanini anayajua hayo bila kukuna kichwa. La pili: kwenye ngoma sisi ni wa chama kipi, Bagalu au Bagika? Karibu kila mji wa Usukuma una jibu, na ukikuta watu wa nyumba moja wanabishana juu yake, ndiyo raha yenyewe. La tatu: zamani mlikuwa mkihesabuje moja mpaka kumi mlipokuwa mnachunga? Hilo la tatu lina kazi yake kule, nitalifikia.

Sasa njia. Bujora iko juu kidogo ya Kisesa, Wilaya ya Magu, kilomita kama ishirini kabla ya kuingia Mwanza mjini kwa barabara itokayo Musoma. Kwa hiyo huna haja ya kufika stendi za Mwanza kabisa, na wengi hupoteza saa nzima kwa kutojua hilo. Kutoka Nkoma lengo la kwanza ni Bariadi mjini. Toka alfajiri, kwa sababu magari madogo ya asubuhi hujaa haraka na ya saa nne husubiri abiria mpaka dereva achoke. Masika usijidanganye: udongo wa mbuga ukilowa hushika tairi na mguu vilevile, na bodaboda atakayekuambia "tutapita tu" anazungumzia pikipiki yake, si nguo zako za kanisani. Kama mvua imenyesha usiku kucha, shuka Bariadi Ijumaa jioni ulale huko.

Bariadi panda basi la Mwanza linalopitia Lamadi. Lami iko njia nzima. Kata tiketi dirishani, uangalie jina lako na namba ya kiti, na umwambie kondakta mapema kwamba unashukia Kisesa. Mwambie tena mkifika Magu. Wapo watakaokutoza nauli ya Mwanza nzima kwa kisingizio kwamba Kisesa na mjini ni kitu kimoja; nauli elekezi za LATRA zipo, uliza kwa upole ila uliza.

Safari yenyewe kutoka Bariadi ni ya saa tatu hivi, na si ya kulala. Lamadi mnakutana na barabara kuu, na hapo jirani ndipo lilipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Ukiwa upande wa kulia wa basi, kuanzia hapo ziwa litakuwa linaonekana na kupotea: hiyo ni Ghuba ya Speke. Basi likisimama, nunua samaki wa kukaanga kama unaona wametoka kwenye mafuta sasa hivi, waliopoa waache. Mimi naona heri ubebe michembe au matobolwa na karanga kutoka nyumbani, na maji yako. Chakula hicho hakiharibiki, na mtoto akilia njiani hunyamaza nacho.

Msomaji wa AIC naye ana sababu ya kuchungulia dirishani kati ya Lamadi na Magu. Upande wa ziwa kuna Nassa, kituo ambacho Africa Inland Mission ilikipokea kutoka kwa wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1909, na hapo ndipo kazi yao katika nchi hii ilipoanzia. Wengi wanaoimba katika kwaya za AIC za Bariadi na Itilima wamepita hapo mara nyingi bila kujua. Baada ya Magu mtavuka mto Simiyu, ule ule uliotupa jina la mkoa, ukiwa unamalizikia ziwani.

Kisesa ni senta kubwa yenye kelele zake. Shuka, vuka barabara kwa uangalifu, na ukiwa na mzigo mdogo tembea. Ukiwa na watoto au bibi, chukua bodaboda au bajaji mpaka juu. Sema "Bujora, makumbusho" na kila mtu atakuelewa. Patana bei kabla hujapanda.

Fika Bujora Jumamosi mchana, si Jumapili asubuhi. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote jingine katika mwongozo huu. Wengi wanafanya kinyume: wanafika Jumapili saa nne, wanaingia misa wakiwa wamechelewa, wanatoka, wanapiga picha mbili za haraka, wanawahi basi. Wanarudi na picha za jengo ambalo hawakulielewa. Makumbusho ndiyo yanayokufundisha kulisoma kanisa. Anza huko Jumamosi, lala hapo jirani, Jumapili uingie misani ukiwa na macho mapya. Msabato atapindua ratiba: atafika Ijumaa kabla ya jua kuzama, atapumzika na kusali Jumamosi kwa wenzake, na atatembelea makumbusho Jumapili baada ya misa.

Kidogo juu ya aliyejenga, maana bila hilo utaona kuta tu. David Clement alikuwa padre Mkanada kutoka Québec, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Shirika hilo lilikuwa limekaa Usukumani tangu karne ya 19. Kituo chao cha Bukumbi, kusini mwa Mwanza, ni cha mwaka 1883. Kufika miaka ya 1950, makanisa ya kimisionari kanda ya ziwa yalikuwa yanajulikana kwa mbali: jengo refu la mstatili, bati, mnara wa kengele, picha kutoka Ulaya. Clement alichukua njia nyingine. Alikaa na wazee, akajifunza ngoma, nyimbo, dawa, mahakama za watemi na kazi za wahunzi, na mwaka 1958 kanisa la mviringo likasimama Bujora.

Uangalie mwaka huo vizuri. Mwaka 1958 misa ilikuwa bado ya Kilatini karibu dunia nzima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukuwa umeitishwa. Hati yake iliyofungua mlango wa lugha na desturi za watu katika ibada ilitoka Desemba 1963. Maana yake, padre alisimama katika nyumba ya Kisukuma akisali Kilatini. Na watemi walikuwa bado wapo. Serikali ya Tanganyika huru iliufuta utawala wa machifu mwaka 1963, miaka mitano baada ya kanisa hili. Kwa hiyo alama za kitemi unazoziona mle ndani hazikuwekwa kama kumbukumbu ya kitu kilichokufa. Ziliwekwa na mtu ambaye angeweza kutoka nje, akatembea, akamkuta mtemi mwenyewe amekaa. Vitu vile viligeuka urithi vikiwa vimeshapachikwa ukutani.

Sasa tuingie makumbusho. Lipa kiingilio ofisini, udai risiti, na uchukue mwongoza wageni hata kama unajiona unajua. Kiingilio cha Mtanzania huwa tofauti na cha mgeni kutoka nje, basi beba kitambulisho na fedha taslimu. Majengo yametawanyika kwenye uwanja wenye mawe makubwa na miti, na kila moja lina mada yake: nyumba ya Kisukuma na vyombo vyake, kazi ya mhunzi, mambo ya waganga, ngoma na watemi. Usiyapitie yote kwa mwendo sawa. Nyumba ya Kisukuma, kwa mfano, utaimaliza haraka, kwani pengine bibi yako alikuwa nayo. Waache watoto waliozaliwa kwenye bati waikae.

Banda la watemi ndilo la kukaa muda mrefu. Jengo lenyewe limeundwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kwa hiyo kabla ya kuingia rudi nyuma hatua kadhaa ulione zima. Ukiwa mlangoni huoni kitu. Ndani kuna ngoma za kitemi. Hizi hazipigwi ovyo. Bado hulia siku za sikukuu kubwa za kanisa na wakati wa ujio wa viongozi wa serikali, na siku nyingine hunyamaza. Usiziguse, na mtoto asizigonge hata kwa kidole. Kwa mtu wa kwetu hilo halihitaji maelezo. Ni hapa utakapolitumia lile swali la kwanza ulilomuuliza mzee. Mwambie mwongoza wageni utemi wenu na umuulize kama kuna kitu kilichotoka upande huo. Swali la namna hiyo humtoa kwenye maneno aliyoyazoea kuwaambia watalii, na kuanzia hapo mnazungumza kama watu.

Banda la ngoma ni la Bagalu na Bagika. Vyama hivi viwili vya wachezaji vinatajwa kuanzishwa na watu wawili, Gumha kwa Bagalu na Ngika kwa Bagika, katika karne ya 19, na ushindani wao haujawahi kwisha. Mashindano yao ni ya ajabu kidogo kwa asiyeyajua: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana dawa za kuvutia watu zina nafasi kubwa katika habari zao, na ndiyo maana wachezaji walibuni kila aina ya vituko. Bayeye wakaja na nyoka, Banungule na nungunungu, wengine na majembe ya bugobogobo yanayorushwa juu na kudakwa. Ukishaiona hapo picha yote, jiulize padre alipataje ujasiri wa kuyaleta hayo kwenye uwanja wa parokia, wakati vituo vingine vilimfukuza katekista aliyeonekana ngomani. Mimi naona hilo lilikuwa jambo zito kuliko jengo.

Na lile swali la kuhesabu. Mahali fulani katika makumbusho utaoneshwa jinsi Wasukuma walivyohesabu moja mpaka kumi kwa majina tofauti kufuatana na rika. Watoto wachungaji walikuwa na yao, vijana yao, wazee yao. Wageni wengi hulipita kwa sababu halina rangi wala halipigwi picha vizuri. Kama mzee wa Nkoma amekupa namba zake, simama uzilinganishe. Zikitofautiana, andika, wenye makumbusho watapenda kujua, na huenda wakakuuliza wewe maswali.

Kulala kuna njia mbili. Kituo chenyewe kina vyumba vya wageni vya kawaida, safi na visivyo na makuu, lakini uliza kabla, hasa kama mko kundi. Au shuka Kisesa, kwenye nyumba za wageni za bei nafuu. Chagua iliyo mbali na barabara kuu na baa, Jumamosi usiku utanishukuru. Kwenda kulala Mwanza mjini kunawezekana, daladala zipo, ila asubuhi ya Jumapili utaanza kuhangaika na kuchelewa misa, na tumeshasema tumekuja kwa ajili ya misa.

Ulizia saa za misa Jumamosi hiyo hiyo, kwa mdomo, kwa mtu wa parokia. Zinabadilika na padre anaweza kuwa na vigango. Vaa unavyovaa kwenda kanisani kwenu: sketi au gauni lililovuka magoti, khanga au kitenge kwa anayependa, suruali na shati kwa mwanamume, kofia mkononi. Kama si Mkatoliki unakaribishwa, utakaa na kusimama na wenzako, lakini wakati wa komunyo baki kwenye kiti chako bila wasiwasi, hakuna atakayekushangaa. Simu zimezimwa. Picha wakati wa misa hazipigwi, hata ile moja ya haraka.

Fika dakika kumi na tano mapema na usikae haraka. Simama ndani ya mlango uangalie umbo. Katika kanisa kama lile la Mtakatifu Yosefu unaingia kwenye njia ndefu iliyonyooka, altare iko mbali mwishoni, na macho yanavutwa mbele na juu. Tao la ncha lina kazi yake ya uhandisi: hushusha uzito wa paa kwenye nguzo, kuta zikapata nafuu ya kubeba madirisha makubwa. Wajenzi wa Ulaya ya karne ya 12 walikuwa na kiu ya mwanga, kwao jua ni la kuvizia. Simiyu na Magu jua tunalo la kugawa. Kanisa la mviringo linatafuta kitu kingine, kivuli na ukaribu. Aliyekaa nyuma kabisa hayuko nyuma sana, na unapoimba unamwona anayekuimbia upande wa pili usoni. Ndivyo watu wanavyokaa kwenye baraza la wazee, na ndivyo wanavyozunguka ngoma.

Kisha tazama altare na alama zilizoizunguka. Huko ni ikulu. Kristo amewekwa hapo kama mtemi, na vitu vya mtemi ulivyoviona jana kwenye lile banda vimehamia kwake. Tabenakulo ina umbo la nyumba ya Kisukuma, yenye ngao na mikuki kwa ulinzi. Kama ulipita makumbusho kwanza, hapa huhitaji mtu wa kukufasiria. Kama hukupita, utasema tu kwamba kuna mapambo ya kienyeji, na utakuwa umekosea, kwa sababu mpangilio wote ni hoja: mwenye nchi ni nani, na nyumba yake ikoje. Mkulima wa Nkoma aliyeona mtemi au aliyesimuliwa na baba yake anaielewa hoja hiyo upesi, hata kama haikubali. Nimesikia Wakristo wa madhehebu mengine wakiikataa, wakisema vitu vya watemi vilikuwa na matambiko yake na haviwezi kuoshwa kwa maji ya baraka. Ni mjadala wa haki. Uufanye njiani mkirudi, si pale kanisani.

Misa ikiisha, ngoja watu wapungue, kisha muombe paroko au mhudumu wa kanisa ruhusa ya kuzunguka ndani na kupiga picha. Watakuruhusu kwa wepesi ukiwa umewaomba. Toa sadaka; matengenezo ya majengo ya aina hii yanakula fedha, na mchwa wa huku hawachagui makumbusho.

Kundi la kwaya, vijana au shule lifuate utaratibu tofauti kidogo. Mwalimu au katekista aandike barua mapema, ipitie kwa paroko au mchungaji wenu, itaje idadi, umri na kama mnataka kuoneshwa ngoma. Maonesho ya ngoma hayapo kila wikiendi. Hupangwa na hulipiwa. Basi la kukodi liwe na kibali cha safari maalumu, na mpatane na dereva kuhusu chakula na malazi yake kabla ya kuondoka, vinginevyo mtayajua Magu.

Lini uende? Kwa utulivu, miezi ya kiangazi kuanzia Julai mpaka Septemba, barabara ikiwa kavu na pamba ikiwa imeshauzwa. Kwa shangwe, nenda wakati wa Bulabo, sikukuu inayoambatana na Ekaristi Takatifu, wakati Bagalu na Bagika wanapokutana na watu kujaa mpaka kwenye mawe. Tarehe yake hufuata Pasaka: hesabu wiki tisa kamili kutoka Jumapili ya Pasaka, utaangukia Jumapili ya Ekaristi Takatifu, ambayo karibu kila mwaka ni Juni au mwisho wa Mei. Mashindano ya ngoma yanaweza kuendelea siku kadhaa, kwa hiyo thibitisha ratiba ya mwaka husika kwa parokia. Lakini fahamu kwamba wakati wa Bulabo hutaliona kanisa kwa nafasi, vyumba vyote vimejaa, na mfuko wako uuweke mbele. Na ndio msimu wa kupeleka pamba AMCOS, mwenye shamba anajua mwenyewe kama anaweza kuondoka. Ushauri wangu ni uende mara ya kwanza wiki ya kawaida, Bulabo iwe ya mara ya pili.

Kurudi, toka Bujora kabla ya saa saba mchana. Ukiwa Kisesa simama upande wa barabara unaoelekea Magu, si upande wa Mwanza, na usipande gari linaloishia Magu kwa tamaa ya kuondoka haraka. Ukikosa basi la Bariadi, bora la Musoma, Sirari au Bunda linalokushusha Lamadi, ambako magari ya Bariadi hupatikana hadi jioni. Jumapili mabasi huja yamejaa wanafunzi na wafanyakazi wanaorudi vituoni. Kama ni safari ya familia yenye watoto wadogo, pigia simu ofisi ya basi Jumamosi uweke viti, au mtu mmoja ashuke mapema akakate tiketi. Ukifika Bariadi giza limeingia, lala. Njia ya Nkoma usiku kwa pikipiki ya abiria watatu haifai, na Jumatatu asubuhi bado utafika shambani kabla jua halijawa kali.